"Hawawezi kupigana, wote wana nyuklia": dhana potofu kuhusu bomu na Vita Baridi

Ikizuka habari ya Urusi na Marekani kijiweni, hakosi mtu wa kusema hawa hawapigani kwa kuwa wote wana nyuklia. Husema kwa uhakika wa mtu anayetaja bei ya sukari. Chembe ya ukweli imo. Tatizo ni kwamba kauli hiyo inafuta miaka zaidi ya arobaini ambayo madola hayo mawili yaliishi kwa kuviziana, kila moja likiamini kwamba mwenzake amekwisha kunyanyua mkono.

Dhana: Uhasama wa nyuklia ulianza Warusi walipounda bomu lao

Bomu la kwanza la Kisovieti, yaani la muungano uliotawaliwa na Urusi, lililipuliwa tarehe 29 Agosti 1949, Semipalatinsk, Kazakhstan. Mashaka yalikuwa na umri wa miaka minne tayari. Julai 1945, kwenye mkutano wa Potsdam, Rais Truman alimsogelea Stalin, kiongozi wa Kisovieti, akamdokeza kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Neno atomu hakulitaja. Stalin akaitikia kidogo, hakuuliza kitu, na baadhi ya waliokuwa wakimtazama wakadhani hakuelewa. Kumbe habari alikuwa nazo siku nyingi, kupitia majasusi kama Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyefanya kazi ndani ya mradi wenyewe wa bomu.

Hapo walikuwa bado washirika, vita dhidi ya Japani haijaisha. Tarehe 20 Agosti, majuma mawili baada ya Hiroshima, Stalin akaunda kamati maalumu chini ya Beria, mkuu wa polisi wake wa siri, kuharakisha bomu lake. Kwa hiyo kilichoanza kuwatenganisha kilikuwa siri ya bomu la upande mmoja, kabla hata hayajawa mawili.

Dhana: Warusi walikuwa wameiacha Marekani mbali kwa makombora

Hii ilikuwa dhana ya Wamarekani wenyewe, na iliwagharimu. Oktoba 1957 Urusi ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Khrushchev, kiongozi aliyemfuata Stalin na mtu asiyejinyima majigambo, akatamba kwamba viwanda vyake vinatoa makombora kama soseji. Washington ikasadiki. Kennedy akaingia kwenye kampeni ya urais ya 1960 akiwalaumu walio madarakani kwa kuiacha nchi nyuma.

Setilaiti za upelelezi zilipopiga picha, ilionekana kwamba makombora ya Kisovieti yenye uwezo wa kuvuka bara hadi bara yalihesabika kwa vidole. Lakini treni ilikuwa imeshaondoka kituoni. Marekani iliendelea kuunda, hadi ikawa na makombora 1,000 ya aina ya Minuteman peke yake. Khrushchev, majigambo yake yakiwa yameumbuka, akaanza kutafuta njia ya mkato. Njia hiyo ilipita Kuba.

Dhana: Mwaka 1962 Kennedy alikaza uso, Khrushchev akakimbia

Hapa ndipo watu wengi wamefundishwa nusu ya hadithi. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya U-2 ilipiga picha za makombora ya Kisovieti yakijengewa vituo Kuba, kilomita mia na ushei kutoka Florida. Marekani ilighadhibika. Wakati huohuo makombora yake 15 aina ya Jupiter yalikuwa Uturuki, mlangoni mwa Urusi, na mengine 30 Italia. Mkuki kwa nguruwe.

Usiku wa tarehe 27 Oktoba Robert Kennedy, mdogo wake rais, alikutana faraghani na balozi wa Kisovieti, Dobrynin. Mapatano yakawa haya: Urusi itaondoa makombora yake Kuba, Marekani haitaivamia Kuba, na yale ya Uturuki yataondolewa baadaye kimyakimya. Sharti la Wamarekani lilikuwa moja: hilo la Uturuki lisitajwe. Halikutajwa kwa miaka mingi, na ndiyo maana wengi mpaka leo wanaamini upande mmoja ulishinda kwa ubabe.

Hata hivyo, linalonisumbua mimi si nani alishinda. Ni mambo mangapi siku hiyohiyo yaliwaponyoka viongozi wote wawili. Maofisa wa Kisovieti walioko Kuba waliitungua U-2 na kumuua rubani wake, Rudolf Anderson, bila amri ya Moscow. U-2 nyingine ilipotea njia ikaingia anga ya Urusi upande wa Chukotka. Na chini ya maji, manowari za Marekani ziliiangushia nyambizi B-59 mabomu madogo ya kuilazimisha iibuke, bila kujua kwamba imebeba torpedo yenye kichwa cha nyuklia. Ndani, joto lilikuwa la tanuri na mawasiliano na Moscow yamekatika. Kwa simulizi za waliokuwemo, kapteni alidhani vita imeshaanza huko juu, na ofisa mwenzake, Vasili Arkhipov, ndiye aliyemtuliza.

Kingine: kisiwani palikuwa na askari wa Kisovieti zaidi ya 40,000, pamoja na silaha ndogo za nyuklia za kupigania vita vya ardhini. Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alikuja kuthibitishiwa habari hiyo Havana mwaka 1992. Miaka thelathini baadaye! Majenerali waliomsihi Kennedy avamie Kuba walikuwa wanashauri kitu wasichokijua.

Dhana: Baada ya hapo wakawekeana simu nyekundu

Haikuwa simu, wala haikuwa nyekundu. Mtambo wa mawasiliano kati ya Washington na Moscow uliowashwa Agosti 1963 ulikuwa wa kuchapa maandishi, kila upande ukiandika kwa lugha yake, na kwa upande wa Marekani uliwekwa Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi. Ulihitajika kwelikweli: wakati wa Kuba barua moja ya Khrushchev ilichukua karibu saa 12 kupokelewa na kufasiriwa.

Dhana: Kadiri bomu lilivyokuwa kubwa, ndivyo hatari ilivyozidi

Oktoba 1961 Urusi ililipua bomu la megatoni 50 juu ya Novaya Zemlya, zaidi ya mara 3,000 ya lile la Hiroshima. Lilikuwa la kutishia. Lilikuwa na uzito wa tani 27, na ndege iliyolibeba ilibidi ifanyiwe marekebisho. Kilichoongeza presha ni kasi. Ndege ya mabomu ilichukua saa nyingi kufika, na ingeweza kuitwa irudi. Kombora la kuvuka mabara huchukua kama nusu saa, na likishatoka limetoka. Makombora ya Pershing II ambayo Marekani ilianza kuyaweka Ujerumani Magharibi mwishoni mwa 1983 yangetumia dakika chache tu. Kiongozi wa Moscow angekatiwa usingizi, aelezwe, aamue, yote katika muda wa kuchemsha chai.

Mwaka huo wa 1983 kwa hatari naupa nafasi ya pili baada ya Kuba, ingawa hautajwi sana. Tangu 1981 KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, ilikuwa imewaamuru majasusi wake Ulaya watafute dalili za shambulio la ghafla. Mojawapo ilikuwa kuhesabu madirisha yenye taa usiku katika ofisi za serikali jijini London. Jasusi asiyeamini habari hizo bado alizipeleka, kwa sababu ndizo alizoagizwa. Septemba 1 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilitunguliwa na Warusi, watu 269 wakafa. Septemba 26 mitambo ya setilaiti ikamwambia Luteni Kanali Stanislav Petrov kwamba Marekani imerusha kombora, kisha mengine manne. Akawaza: nani aanzishe vita ya dunia kwa makombora matano? Akaripoti kwamba ni hitilafu. Ilikuwa mwanga wa jua juu ya mawingu. Badala ya zawadi alikemewa kwa kutojaza daftari la zamu.

Wamarekani nao wasicheke. Novemba 1979 kompyuta zao zilionyesha shambulio kubwa kwa sababu ya mkanda wa mazoezi, na Juni 1980 tena, kosa likitokana na chipu ya senti 46.

Dhana: Walau hawakuuana

Waliuana. Katika vita vya Korea marubani wa Kisovieti waliendesha ndege za kivita za MiG-15 dhidi ya ndege za Marekani, wamekatazwa kuongea Kirusi redioni. Washington ilijua ikanyamaza, isije ikalazimika kulipiza. Kwingineko upande mmoja au wote waliwaachia wengine wafe: Vietnam, Angola, Afghanistan.

Dhana: Sisi Waafrika tulikuwa watazamaji

Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, katika machimbo ya Union Minière ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha tani kama 1,200 za mawe ya madini hayo hadi New York mwaka 1940. Yalikaa ghalani Staten Island hadi wanajeshi wa Marekani walipokuja kuyanunua mwaka 1942.

Na Unguja kulikuwa na Tunguu. Marekani ilijenga hapo kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wake wa kupeleka watu angani, na kilitumika mwaka 1962 mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia. Upinzani ulizuka: wapo walioamini ni kambi ya makombora, itakayokifanya kisiwa shabaha ya Warusi. Zile zilikuwa antena, zisingerusha hata fataki. Lakini ukikumbuka watu wazima wa KGB waliokuwa wakihesabu madirisha London, utawacheka vipi watu wa Tunguu? Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na mwaka huohuo kikang'olewa. Kazi ikahamia Madagaska.