Kabla ya Kuuliza Dawa, Uliza Jina

Siku ya pili ya maonesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, mzee mmoja kutoka Mvumi alikuja kwenye banda letu la watafiti wa wadudu na chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaiweka chupa mezani. Ndani mlikuwa na wadudu wapatao kumi na watano, weusi, warefu kiasi, wenye madoa ya rangi ya chungwa mgongoni. Ukiwatazama haraka utadhani ni vitoto vya mamba. Alikuwa amewatunza tangu Machi, ndani ya gongo, akisubiri Agosti ifike. Sikuuliza gongo yenyewe aliipata wapi, ila ilifanya kazi yake: hakuna hata mdudu mmoja aliyeoza.

"Mwanangu, nipe dawa ya hawa," akasema. "Nimewaponda, nimewapulizia, na mtama wangu bado ukanata."

Neno hilo la kunata lilinitosha. Jani la mtama hunata kwa sababu ya majimaji matamu yanayotolewa na vidukari, wale wadudu laini wanaojazana chini ya jani na kufyonza utomvu. Wa kwenye chupa hawakuwa vidukari. Walikuwa mabuu ya yule mbawakawa wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye watoto humtembeza kiganjani. Chakula cha buu hilo ni vidukari. Msimu mzima mzee alikuwa akiua askari wake mwenyewe huku wezi wakizaana.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mbona hafanani na mama yake?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wasomi. Wadudu wengi hubadilika umbo kabisa kati ya yai na utu uzima, na ndiyo sababu mkulima anaweza kumfahamu mdudu mmoja kama wawili, mmoja rafiki na mwingine adui. Kosa la namna hiyo si la ujinga. Lugha yetu yenyewe inatuachia nafasi kubwa ya kukosea: tunaita mdudu kila kitu, kuanzia nge na buibui hadi kupe, jongoo na hata ugonjwa. Kwa mtafiti, mdudu ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu na jozi moja ya vipapasio kichwani. Kupe na buibui wana minane, basi wako ukoo mwingine.

Hata hivyo Kiswahili hakikulala. Kina siafu, sisimizi na majimoto, kina vunjajungu, kina kifaurongo anayejifanya maiti ukimgusa. Mahali pengine kina majina mawili kwa mnyama mmoja: kumbikumbi wanaoruka Dodoma mvua za kwanza zinapogonga ardhi ni mchwa walewale wa kichuguu, ila wamepewa mbawa ili wakaoane na kuanzisha vichuguu vipya. Anayewakaanga kumbikumbi jioni na kulaani mchwa asubuhi anazungumzia familia moja.

Kazi ya kuwapa viumbe majina na kuwapanga kwa undugu wao tunaiita uainishaji. Majina ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa tangu mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden alipotoa toleo la kumi la kitabu chake cha kuorodhesha viumbe. Hadi sasa wadudu waliopewa majina wamefika kama milioni 1, na makadirio yanayotajwa sana yanasema wote kwa jumla huenda ni milioni 5 na nusu. Wengi hudhani hii ni kazi ya watu wenye muda wa kupoteza, wanaocheza na vipepeo. Nitajibu kwa mahindi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yao ghalani yakigeuka unga kwa kasi wasiyoizoea. Fukusi walimjua, lakini huyu hakuwa fukusi. Alitoboa gunzi, akatoboa muhogo mkavu, akatoboa hata miti ya ghala. Watu wakampachika jina la Scania, kwa jinsi alivyokuwa na nguvu kama lori. Naamini uainishaji wa kwanza wa mdudu yule ulifanywa na wakulima hao. Walisema wazi kwamba ni mwingine. Wataalamu walikuja kumthibitisha mwaka 1981: ni dumuzi, kwa jina la kisayansi Prostephanus truncatus, mwenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati.

Jina lilipopatikana, mambo mengi yalifunguka kwa mkupuo. Ukoo wake ni wa mbawakawa watoboa mbao, kumbe ndiyo maana anapenda hindi lililo kwenye gunzi: anapata pa kujiegemeza anapotoboa. Ushauri ukawa kupukuchua mahindi kabla ya kuhifadhi. Ikajulikana pia kwamba kiuatilifu kilichokuwa kikimuua fukusi hakikumtosha dumuzi, na kinachomuua dumuzi kilikuwa dhaifu kwa fukusi, ndipo ikaja dawa ya vumbi yenye viambata viwili ambayo bado mnaipukutisha kwenye magunia hapa Dodoma. Na kwa kuwa kwao alijulikana, adui yake naye alitafutwa hukohuko: mbawakawa mwingine mdogo anayemla, ambaye aliletwa na kuachiliwa katika nchi kadhaa za Afrika. Ukimwita mdudu "mdudu wa mahindi" tu, hupati hata kimoja kati ya hivyo.

Majina nayo hukosewa, tusifichane. Mwaka 2003 nzi mpya wa matunda alionekana pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Aliharibu maembe vibaya. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kuwa spishi, yaani aina, mpya kabisa na kumwita Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Ikachukua miaka 10 ya kupima maumbile, vinasaba, harufu na uwezo wa kuzaliana, hadi mwaka 2015 ikakubalika kwamba hakuwa mpya hata kidogo. Alikuwa Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyepewa jina tangu mwaka 1912. Kubadili jina kwenye karatasi kunaonekana jambo dogo, lakini kulimaanisha kwamba maarifa ya karibu karne nzima kutoka Asia juu ya mitego, vivutio na masharti ya biashara ya matunda yanamhusu nzi anayetaga kwenye embe unalonunua soko la Majengo.

Mbu nitamgusa tu. Yule wa malaria tuliyemwita kwa miaka mingi Anopheles gambiae aligundulika katika miaka ya 1960 kuwa ni kundi la spishi zinazofanana kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha, hata kwa hadubini. Mmoja wao, Anopheles arabiensis, hustahimili maeneo makavu kama yetu, huuma ng'ombe na watu, na hakatai kuuma nje. Chandarua ni muhimu, ila kwa mbu wa namna hiyo hakimalizi kazi, hasa kwa anayelala karibu na zizi au anayekaa barazani hadi usiku mkubwa.

Watu huniuliza kwa nini tunawachoma pini wadudu na kuwafungia kwenye masanduku. Mwaka 2002 wanasayansi walitangaza oda mpya ya wadudu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka 80. Oda ni tawi kubwa: vipepeo na nondo wote ni oda moja, mbawakawa wote oda moja. Wadudu wa oda hiyo mpya hawana mbawa, na ukiwatazama hujui useme ni panzi au vunjajungu. Kati ya vielelezo, yaani wadudu waliohifadhiwa, vya kwanza vilivyotumika, kimoja kilikuwa kimekusanywa Tanzania mwaka 1950. Kilikaa kwenye hifadhi ya makumbusho Ulaya nusu karne bila mtu kujua ni nini. Kilichokiokoa ni kwamba kilikuwa na kibandiko kinachosema kimetoka wapi. Mdudu asiye na kibandiko, hata akiwa mzuri namna gani, kwetu ni takataka.

Inaniuma kidogo kwamba vielelezo vingi vya rejea vya wadudu wetu viko Berlin na London, tangu zama za wakoloni. Lakini kinachoninyima usingizi kiko karibu zaidi. Kule Manyoni kuna kichaka cha Itigi, msitu mfupi uliosongamana, wa mita 3 hadi 5, unaoota kwenye mchanga uliolalia tabaka gumu. Uoto wa aina hiyo uko hapa katikati ya Tanzania na mpakani mwa Zambia, basi, na ule wa Zambia sehemu kubwa imekwisha fyekwa. Hapa Itigi panga na tanuri la mkaa havijapumzika. Nyuki wa Manyoni na asali yao vinajulikana nchi nzima, lakini wadudu wengine wa kichaka kile hawajawahi kutazamwa ipasavyo na mtu yeyote. Spishi inaweza kwisha kabla haijapata jina, na hakuna atakayejua kwamba ilikuwepo.

Ukimwona mdudu usiyemfahamu shambani, piga picha kwanza, ya juu na ya ubavuni. Kama ni viwavi kwenye mahindi, tazama kichwa: alama ya rangi nyeupe-nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na vidoa vinne vyeusi vilivyopangwa mraba karibu na mkia, ni kiwavijeshi vamizi aliyethibitishwa nchini mwaka 2017, si yule wa zamani atembeaye kwa makundi. Mmea ukiwa na maua, acha kupulizia mchana nyuki wakiwa kazini. Ukitaka kutuletea mdudu, usimtie kwenye mfuko wa nailoni na kumwacha juani. Mtie kwenye pombe kali au spiriti, na umwandikie kijiji, tarehe na mmea uliomkuta. Ndani ya hifadhi usikusanye chochote bila kibali.

Chupa ya mzee wa Mvumi ilikosa hilo la kuandika tu. Tuliketi naye, akakumbuka shamba, akakumbuka kwamba ilikuwa wiki ile mto ulipokata barabara, tukaipata tarehe. Niliandika kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye pombe, nikakitumbukiza kikaratasi ndani na kumwomba atuachie chupa kwa ajili ya mkusanyo wetu. Alikubali bila shida. Akauliza tu kama gongo itarudishwa.