Majina ya marehemu yasipolingana, kiapo peke yake hakitoshi

Malalamiko yanayofika dawati la usajili siku hizi yanafanana. Cheti cha kifo kina jina moja, kitambulisho cha Taifa kina jingine, hati ya kiwanja ina la tatu, na benki imegoma kulipa. Familia huja na ombi moja: "Tuandikieni jina moja yaishe." Hayaishi hivyo. Msajili hachagui jina la mtu. Anaandika alichotaarifiwa na mwenye haki ya kutoa taarifa, na akirekebisha, anarekebisha kwa ushahidi.

Kwanza jueni kila jina lilitoka wapi. Mzee wa Kisukuma aliyezaliwa pacha aliitwa Kulwa nyumbani, Petro kwenye daftari la ubatizo, na Petro Masanja alipoanza kulipa kodi. Hakuna aliyekosea hapo. Pwani, Mwanahawa binti Salumu wa cheti cha ndoa ndiye Mwanahawa Salum Juma wa kadi ya mpiga kura. "Binti" imeanguka, babu ameongezwa. Kuna pia lile ambalo familia hazipendi kulisema mbele ya karani: aliyerudia darasa la saba kwa jina la mwanafunzi mwingine, na jina hilo likamfuata hadi ajira na pensheni. Lisemeni. Tukiligundua wenyewe katikati ya shauri, mtachelewa zaidi.

Lakini majina mengi yanayotusumbua hayana hata historia ndefu hivyo. Ndugu wanalia, jirani ndiye anayeulizwa jina la marehemu, naye anajibu, "Mzee Chuma." Linaandikwa Chuma. Kifo kinatakiwa kutaarifiwa ndani ya siku 30, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtuma jirani bila kitambulisho cha marehemu mkononi.

Sasa kiapo. Watu wanakiona kama rangi ya kufunika nyufa. Hati ya kiapo inaeleza tu kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Haibadilishi jina wala haisahihishi daftari. Ili ipokelewe, mwapaji ataje majina yake kamili, dini yake, makazi yake na uhusiano wake na marehemu. Kila jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye waraka husika, na waraka wenyewe utajwe. Aseme lipi analijua mwenyewe na lipi aliambiwa, na aliambiwa na nani. Kamishna wa viapo aandike mahali na tarehe ya kuapa. Pakiwa wazi, hati inarudi. Msiapishwe kwa simu. Anayeghushi nyaraka kwa kawaida anaweza kufungwa hadi miaka saba, na kusema uongo chini ya kiapo mahakamani adhabu yake ni hiyo hiyo.

Kama kosa limo kwenye daftari lenyewe, ombi la masahihisho linapelekwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, pamoja na taarifa ya hospitali, cheti cha ubatizo au cha ndoa, au vyeti vya shule. Kwa waliozaliwa kabla ya Uhuru, ambao wengi hawana cheti cha kuzaliwa, daftari la parokia mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote. Ombeni nakala yenye muhuri. Hati ya kubadili majina, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ni ya aliye hai anayetaka jina jipya. Marehemu habadilishi jina. Tunalieleza hili karibu kila siku.

Kwenye maombi ya mirathi Mahakama ya Mwanzo, andikeni jina la cheti cha kifo kisha "aliyejulikana pia kwa jina la", mkitaja majina yote yaliyo kwenye mali. Muhtasari wa kikao cha ukoo uyabebe yale yale. Fanyeni hivyo mapema, maana msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, na kiwanja chenye jina lisilotajwa popote kitamkwamisha hapo.

Wanaoandika historia ya ukoo wao nao wasisawazishe tahajia. Mohamedi wa daftari la zamani abaki Mohamedi, na pembeni yake uandikwe mwaka na daftari alimoonekana. Mjukuu akija dirishani na karatasi ya namna hiyo, tunajua pa kuanzia kutafuta.