Je, wajua? Anayehama chama mara nyingi si yule unayemdhania

Mtu aliyekipigia kura chama hiki uchaguzi uliopita, safari hii kampa mpinzani. Unamwona vipi? Kwa miaka mingi mimi nilimwona kama hakimu: kasoma ilani zote mbili, kazipima, kaamua. Niliyemdhani hafikiri ni yule mkereketwa, ambaye kura yake inajulikana hata kabla ya kampeni kuanza.

Waliokwenda kuchunguza walikuta karibu kinyume chake. Mwaka 1940, Franklin Roosevelt akishindania urais wa Marekani na Wendell Willkie, mtafiti wa jamii Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda kaunti ya Erie, jimbo la Ohio, Marekani. Walichagua watu wapatao 600 wakawarudia walewale mwezi baada ya mwezi, kuanzia Mei hadi Novemba, ili wamwone kila mmoja anabadilika lini. Waliovuka kabisa kutoka upande mmoja hadi mwingine walikuwa kama 8 katika kila 100. Na hao waliobadilika hawakuwa wasomaji wakubwa wa magazeti wala wasikilizaji wa hotuba redioni. Hamu yao ya siasa ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao, na wengi walivutwa huku na huku: nyumbani wanasema hiki, kazini kile. Aliyefuatilia kampeni kwa bidii ni mkereketwa, ingawa zaidi alifuatilia ya upande wake.

Tahadhari: hiyo ni kaunti moja na uchaguzi mmoja. Utafiti wa V. O. Key, msomi wa siasa wa Marekani, uliochapishwa 1966, uliolinganisha uchaguzi mmoja na uliofuata, ulionyesha kwamba waliohama walielekea kule kulikokubaliana na maoni yao kuhusu sera. Naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu anaweza asisikilize hotuba hata moja, na bado akajua vizuri ni wapi maisha yamembana.

Sasa kwa nini vyama vinamgombania hivyo mtu asiyevisikiliza? Chukua mizani, weka mawe 50 kila upande. Ondoa jiwe moja kushoto, uliweke chini: 49 kwa 50, tofauti ni moja. Huyo ni mkereketwa aliyekasirika akabaki nyumbani siku ya kura. Sasa lirudishe, kisha lihamishie upande wa kulia: 49 kwa 51. Jiwe ni lilelile, lakini tofauti imekuwa mbili, kwa sababu umepunguza huku na kuongeza kule kwa mkono mmoja. Anayehama ana uzito wa wakereketwa wawili waliosusa. Hesabu hiyohiyo hugeuka, lakini: ikiwa nguvu ya kumshawishi mmoja ahame ingetosha kuwatoa nyumbani wakereketwa watatu, chama kitafaidika zaidi kikigonga milango ya watu wake.

Mizani hiyo ina siri nyingine. Mawe 20 yakivuka kwenda kulia na mengine 20 yakivuka kuja kushoto, inabaki palepale. Nchini Uingereza, mradi wa utafiti wa uchaguzi unaofuatilia wapiga kura ulikuta kwamba kati ya 1964 na 1966 waliobadili chama walikuwa 13 katika kila 100. Kati ya 2010 na 2015 wakafika 43. Lakini katika kipindi hicho cha pili, chama cha Conservative kilitoka asilimia 36.1 ya kura hadi 36.9, na mpinzani wake mkuu, Labour, 29.0 hadi 30.4. Ukiangalia hivyo viwili peke yake, ungeapa hakuna aliyesogea.