Mikato Miwili, Shule Nzima Nje: Dhana Potofu kuhusu Vishazi vya Ziada vya Kiingereza

Chukulia matangazo haya mawili yamebandikwa kwenye lango la shule:

"The pupils who have not paid fees will go home."
"The pupils, who have not paid fees, will go home."

La kwanza linawarudisha nyumbani wenye deni la karo peke yao. La pili linawarudisha wote, tena linatangaza kwamba hakuna hata mmoja aliyelipa. Maneno ni yale yale, kilichoongezeka ni mikato miwili. Kishazi (sehemu ya sentensi yenye kitenzi chake, hapa "who have not paid fees") cha tangazo la kwanza ni kibainishi: kinachagua nani anayesemwa. Cha pili ni cha ziada: kinaongeza habari juu ya watu ambao tayari wanajulikana. Hicho cha ziada ndicho kinachowapiga chenga wanafunzi wetu Uganda, kuanzia darasa la PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) hadi sekondari, na mara nyingi chanzo ni mambo wanayoambiwa darasani.

"Mkato ni mahali pa kuvuta pumzi."

Kuna chembe ya ukweli hapa. Anayesoma kwa sauti hutua kidogo anapofika kwenye kishazi cha ziada, na sauti hushuka. Lakini anatua kwa sababu ya maana, si kwa sababu pumzi imemwishia. Swali la kujiuliza ni hili: nikikiondoa kishazi, msomaji bado atajua ninamsema nani? Tuwachukue wanariadha wetu. Katika "Stephen Kiprotich, who won the Olympic marathon in 2012, is a Ugandan", jina limeshamtambulisha mtu, kwa hiyo ushindi wa London ni nyongeza na mikato inatakiwa. Sasa soma "The Ugandan who won gold in Munich in 1972 was a hurdler." Ondoa kishazi, unabaki na "the Ugandan", na Waganda waliowahi kushinda ni zaidi ya mmoja. Hapo kishazi ndicho kinachomtaja John Akii-Bua. Ukikiwekea mikato, umemvuruga msomaji.

"Mkato mmoja unatosha."

Hautoshi, labda kishazi kiwe mwisho wa sentensi. "Makerere University, which was founded in 1922 is in Kampala" imefungua mlango bila kuufunga. Mkato wa pili unakaa baada ya 1922.

"That na which ni mamoja."

Katika kishazi kibainishi, mara nyingi ni kweli. Katika kishazi cha ziada, "that" haikubaliki kabisa: huandiki "Makerere, that was founded in 1922". Wala huwezi kuliacha neno rejeshi ("who" au "which"). "The bridge we crossed is old" ni sawa, lakini "Karuma Bridge, we crossed at night, is old" imevunjika. Lazima "which" iwepo.

Wapo pia walimu walioruka upande wa pili, wanaofundisha kwamba kila "which" lazima itanguliwe na mkato. Hayo ni masharti yanayopendwa na wahariri wa Marekani, na programu nyingi za kukagua sarufi zimeyachukua. Kiingereza cha Uingereza, ambacho shule zetu zinakifuata, kinaruhusu "the book which I bought" bila mkato wowote. Usimkate mtoto alama kwa hilo.

"Which hurejelea nomino iliyo jirani tu."

"The taxi left Mbale on time, which surprised everybody." Kilichowashangaza abiria si teksi wala saa, ni tukio zima la teksi kuondoka kwa wakati. (Aliyewahi kusubiri teksi ijae anaelewa.) Matumizi haya ni halali na yana faida kubwa katika insha, ila siku zote yanahitaji mkato.

"Zoezi la kuunganisha sentensi linatosha."

Hapa ndipo nina ugomvi. Maswali ya kuandika upya sentensi kwa maelekezo yamezoeleka sana katika mtihani wa PLE, kwa hiyo mazoezi mengi yanakuja hivi: "My brother lives in Jinja. He repairs phones. Join using ...who..." Jibu lipi ni sahihi? Kama nina kaka mmoja, naandika "My brother, who lives in Jinja, repairs phones." Kama ninao watatu na ninamtaka yule wa Jinja, mikato inaondoka. Swali halisemi, na mwongozo wa majibu mara nyingi una jibu moja tu. Halafu kwetu mtoto wa baba mdogo naye ni kaka, kwa hiyo mwanafunzi anayeacha mikato huenda anaijua familia yake vizuri kuliko mtunga swali.

Kwa mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili, kama wengi wa kambi za polisi na jeshi, kuna ugumu mwingine: "kaka yangu anayeishi Jinja" hubeba maana zote mbili bila kubadili umbo la kitenzi, na hata "ambaye" haitofautishi. Ndiyo maana naona zoezi lianze na hali halisi. Mwalimu aseme kwanza, "Okello ana dada mmoja" au "Okello ana dada wanne", kisha darasa liamue. Au asome sentensi mara mbili, mara akitua, mara bila kutua, na wanafunzi waseme wamesikia dada wangapi. Kuunganisha sentensi kuje baadaye.

"Ukivijaza vishazi hivi, insha inapendeza."

Mtahini anachoka navyo. Katika mazungumzo watu huvitumia kwa nadra, husema tu "I met Nakato. She teaches in Lira now." Vinafaa zaidi kwenye habari za magazeti, wasifu na barua rasmi, pale unapotaka kupenyeza maelezo bila kuanzisha sentensi nyingine. Na kuna mahali haviingii kabisa: baada ya "every", "any" au "nobody". "Every farmer, who grows coffee, was invited" haisimami, kwa kuwa "every farmer" si mtu anayejulikana wa kuongezewa habari. Ondoa mikato, walioalikwa watakuwa wakulima wa kahawa.