Kijivu kisichoegemea: maana yake katika kuchapa picha nyeusi na nyeupe nyumbani

Anayechapa nyumbani picha nyeusi na nyeupe kwa mara ya kwanza mara nyingi hushangaa kuiona imetoka na ukijani kidogo, au na kitu kama zambarau mashavuni, ilhali kwenye skrini haikuwa na rangi hata chembe. Kasoro hiyo tuiite mwegemeo wa rangi. Kinyume chake ni kijivu kisichoegemea, yaani kijivu ambacho jicho hukiona kuwa ni weusi uliopunguzwa tu, kisichoelekea upande wa wekundu, wa kijani wala wa buluu. Ni dhana ndogo, lakini asiyeielewa atamaliza wino na karatasi akilitafuta tatizo mahali lisipokuwapo.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Katika studio kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kama ilivyokuwa katika studio nyingine za wakati huo, picha zilisafishwa katika chumba cha giza juu ya karatasi yenye chumvi za fedha, na weusi wote uliojitokeza, kuanzia kivuli cha kanzu hadi wanja wa macho, ulitokana na madini hayohayo ya fedha. Kilichotofautiana baina ya kijivu cha giza na kijivu cha mwanga kilikuwa wingi wa fedha mahali hapo. Karatasi na dawa ziliweza kuisogeza picha kuelekea hudhurungi au ubaridi fulani, ila kwa kawaida ilisogea yote kwa pamoja, na macho yaliizoea.

Printa ya wino ya nyumbani haina kitu kimoja cha namna hiyo. Kwa kawaida ina wino za aina nne, yaani samawati, majenta (waridi iliyokolea inayoelekea zambarau), njano na nyeusi. Nyeupe ni karatasi yenyewe, na kijivu hakimo kabisa katika katriji. Printa ikiamriwa kutoa kijivu ina njia mbili. Ya kwanza ni kutawanya nukta za wino mweusi mbalimbali, ili weupe wa karatasi uliobaki katikati yake uchanganyike nao machoni. Njia hii haiegemei sana, lakini katika sehemu zenye mwanga, kama paji la uso au mawingu, nukta huwa chache mno hata zikaonekana mojamoja, na ngozi ya mtu ikawa kama imenyunyiziwa mchanga. Njia ya pili ni kuchanganya samawati, majenta na njano kwa kiasi kinachozifanya zifutane, kisha kuongeza nyeusi panapokuwa giza. Hapa picha hutoka laini, lakini mizani yake ni nyepesi kuvurugika: majenta ikipungua kidogo, labda kwa sababu tundu moja la kichwa cha kuchapia limeziba, kijivu chote hugeuka kijani. Katika picha ya rangi hitilafu ya kiasi hicho ingepita bila kutambuliwa, kwa maana hakuna atakayegombana na kitenge kwa kuwa kijani zaidi kuliko kilivyokuwa siku ya harusi. Kijivu hakina pa kujificha.

Lipo jambo lingine ambalo wengi huambiwa wakiwa wamekwisha kuharibu karatasi. Katika printa nyingi za bei nafuu, wino mweusi ni wa chembe nzito zilizokusudiwa maandishi kwenye karatasi ya kawaida, na haushiki vizuri kwenye karatasi ya picha inayong'aa. Kwa hiyo ukiiambia printa kwamba umeweka karatasi inayong'aa, baadhi ya printa hizo huuacha wino huo kando na kuunda hata weusi wa nywele kwa rangi tatu, ndiyo sababu nywele hutoka na uhudhurungi. Ukiidanganya kwamba ni karatasi ya kawaida, wino huo mweusi utakaa juu ya karatasi na kufutika kwa kidole. Kuchagua aina ya karatasi katika mipangilio, basi, ndiko kunakoamua wino upi utumike na kwa kiasi gani, na ningeshauri jambo hilo lihakikishwe kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Mwegemeo pia hutegemea taa. Picha iliyoonekana haina kasoro usiku chini ya taa ya LED inaweza kuonekana na uwaridi au ukijani asubuhi karibu na dirisha, wala wino haukubadilika. Wataalamu wa rangi hukiita kisa hiki metamerizimu: vitu viwili vinavyoonekana sawa chini ya mwanga mmoja hutofautiana chini ya mwanga mwingine, kwa sababu kila kimoja hurudisha sehemu tofauti za mwanga unaokiangukia. Kijivu kilichoundwa kwa rangi tatu huathirika zaidi kuliko kile kilichoundwa kwa wino mweusi, kwa kuwa usawa wake ni wa mapatano tu baina ya rangi hizo, na taa mpya huyavunja mapatano. Wachapaji wa kitaalamu hukagua picha chini ya mwanga sanifu wa kelvini 5,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Nyumbani inatosha kusimama karibu na dirisha mchana, pasipo jua la moja kwa moja, kisha kuipeleka picha kwenye ukuta ambako itatundikwa, maana hukumu ya mwisho ni ya ukuta huo.

Watengenezaji walilitambua tatizo hili na kuleta wino za kijivu. Epson Stylus Photo R2400 ya mwaka 2005 ilitumia ngazi tatu za wino mweusi, yaani mweusi kamili na mbili zilizofifishwa kuwa kijivu, na miongoni mwa printa za tangi za nyumbani, zinazojazwa wino wa chupa badala ya kubadilishwa katriji, Epson ET-8550 na Canon G620 zina wino wa kijivu. Mnunuzi asichanganye jambo hili na idadi ya rangi. Epson L805, kwa mfano, ina rangi sita, lakini mbili za ziada ni samawati nyepesi na majenta nyepesi, ambazo hulainisha ngozi katika picha ya rangi bila kukipa kijivu nguzo yake yenyewe.

Asiye na printa ya namna hiyo bado anaweza kuupima mwegemeo wake. Achape ngazi ya kijivu, yaani ukanda wa vipande 21 unaoanza na nyeusi na kuishia na nyeupe, mara moja kwa mpangilio wa kijivu pekee na mara nyingine kwa mpangilio wa rangi, kisha aiache ikauke hadi kesho yake. Vipande vyote vikiegemea upande mmoja, marekebisho madogo ya rangi katika programu ya printa yatatosha. Vile vya giza vikiwa vyekundu na vya kati vikiwa kijani, marekebisho hayo hayatasaidia, na atahitaji wasifu wa rangi, ambao ni faili inayoieleza programu jinsi printa hiyo na karatasi hiyo zinavyofanya kazi pamoja. Akishautumia, azime marekebisho ya rangi upande wa printa, kwa sababu programu mbili zikisahihisha picha moja, ya pili huvuruga iliyokwisha kunyooshwa na ya kwanza.

Kutoegemea, hata hivyo, si lazima kuwe ndilo lengo. Kwa maoni yangu, kwenye printa ya rangi nne ni afadhali kuipa picha uhudhurungi mdogo wa makusudi kabla ya kuichapa kuliko kupigania kijivu ambacho taa ya sebuleni itakiharibu jioni hiyohiyo. Jicho lililokua likitazama picha za zamani za babu na bibi huusamehe uhudhurungi, hali ukijani usoni hulifanya lidhani aliyepigwa picha ni mgonjwa. Sharti ni moja: picha zitakazotundikwa pamoja zipewe kiasi kilekile, kwenye karatasi ya aina ileile.