Kwa nini buibui mrukaji hukugeukia unapotaka kumpiga picha?

Ukiwasogelea, buibui wengi hujikunyata au hukimbilia ufa ulio karibu. Kuna mmoja asiyefanya hivyo. Ni yule mdogo mwenye manyoya mafupi, anayetembea ukutani mchana kweupe kwa hatua za haraka na vituo vya ghafla, wala hategi utando wa kunasia mawindo. Ukimwelekezea simu hugeuka mwili mzima, akakukazia macho. Ukihamia kushoto, naye anahamia kushoto. Wengi wanaoanza kupiga picha za viumbe wadogo huvutwa na tabia hiyo, na mimi ni mmoja wao. Kiumbe akikutazama hivyo, huwezi tena kumfagia na vumbi la dirishani.

Huyu ni wa familia ya Salticidae, kubwa kuliko familia zote za buibui, yenye spishi zaidi ya 6,000. Ana macho 8, na kazi yake si moja. Mawili makubwa yako mbele kabisa, yanakuelekea. Kando yake yapo mawili ya wastani, na mengine manne yamekaa juu ya kichwa kuelekea nyuma. Haya ya pembeni na ya juu ndiyo walinzi: kwa pamoja yanafunika karibu pande zote, hata mgongoni, na kitu kikitikisika popote yanakigundua. Yasichoweza ni kumweleza vizuri kitu hicho ni nini.

Kazi hiyo ni ya yale makubwa mawili. Yanaona rangi, umbo na alama ndogo ndogo kwa ukali wa kushangaza kwa mnyama wa milimita chache. Ila eneo linaloonekana kwa ukali huo ni jembamba mno, upana wa digrii chache tu, mithili ya mtu anayekagua chumba cha giza kwa tochi yenye mwale mwembamba. Kwa hiyo mkono wako unapotikisika pembeni mwake, macho ya ulinzi yanaona mwendo, mwili unageuka, na yale makubwa yanaanza kukukagua: huyu ni chakula, ni mwenzi, ni adui, au ni ukuta mwingine tu? Anageuka kwa sababu bila kugeuka hawezi kukujua.

Na kukagua kwenyewe kunaonekana kwenye picha. Lenzi za macho yake zimeshikamana na gamba la kichwa, haziwezi kuzunguka. Lakini nyuma ya kila lenzi kubwa kuna mrija mrefu, mwishoni mwake ipo retina, sehemu ya jicho inayopokea mwanga, na misuli inauvuta mrija huku na huku ndani ya kichwa. Kichwa kimetulia, ila ndani retina inatembea juu ya sura yako kipande kwa kipande. Ukipiga picha kadhaa mfululizo kisha ukazikuza, utaona jicho kubwa likibadilika: mara jeusi tii, mara hudhurungi au kijani hafifu. Likiwa jeusi, retina imekuelekea wewe. Likipauka, linatazama kwingine. Picha ninazozipenda kuliko zote ni zile nyeusi.

Kabla ya kuruka lazima pia ajue umbali. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha njia mojawapo anayoitumia, kwa kumchunguza Hasarius adansoni, ambaye anaishi majumbani katika nchi nyingi za joto. Retina ya jicho lake kubwa ina tabaka nne. Mwanga wa kijani huleta picha kali kwenye tabaka moja na picha yenye ukungu kwenye tabaka jirani, na kiasi cha ukungu huo humpa kipimo cha umbali. Walipowamulika kwa mwanga wa kijani, buibui waliruka sawasawa. Kwa mwanga mwekundu waliruka pungufu, wakaanguka kabla ya kufika.

Mpiga picha anaweza kuyatumia haya yote. Usimfuate kwa pupa. Tuliza mkono, kisha tikisa kidole taratibu karibu na lenzi, atageuka mwenyewe. Shuka hadi usawa wa uso wake, maana ukimpiga kutoka juu utapata mgongo. Simu yenye lenzi ndogo ya makro ya kubandika, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inatosha kuanzia. Kwa ukaribu huo sehemu inayotoka kali ni nyembamba kuliko hata mwili wake, basi lenga macho na uache miguu iwe na ukungu. Mwanga mkali ulainishe kwa karatasi nyeupe. Kuna wanaomweka buibui kwenye friji ili apoe na kutulia. Sikubaliani nao hata kidogo. Buibui aliyepozwa hageuki, na kugeuka ndiko ulikokwenda kukutafuta.

Anayeishi karibu na Ziwa Viktoria, upande wa Kenya au Uganda, ana sababu ya ziada ya kuangalia kuta na nyasi. Huko yupo Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003. Utafiti uliofanywa Mbita, upande wa Kenya, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba buibui huyu hupendelea kula mbu jike aliyeshiba damu kuliko mawindo mengine. Hawezi kutoboa ngozi ya mtu, hivyo damu anaipata kupitia kwa mbu. Watoto wake humtambua Anopheles, mbu anayeeneza malaria, kwa mkao wake wa kuinua sehemu ya nyuma ya mwili anapotua. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa hata harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu humvutia, na ni jambo la maana kwake, kwa kuwa penye watu ndipo penye mbu walioshiba.

Ukishapata picha ya uso, piga nyingine mbili: moja ya mgongo, moja ya ubavu. Uso unapendeza lakini mara nyingi hautoshi kumtambulisha, kwa sababu mistari ya tumboni na ya kichwani ndiyo inayotofautisha wengi. Kwa spishi nyingi hata hiyo haitoshi, na wataalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Andika tarehe, mahali, na alikokuwa: ukutani, kwenye nyasi, juu ya jani. Na ukikuta chungu anayesimama peke yake, akainua miguu miwili ya mbele badala ya vipapasio, kuza picha uhesabu macho. Huenda ni Myrmarachne, buibui mrukaji anayejifanya chungu, na naye atakugeukia.