Maana ya teodisia: Mungu ni mwema, mbona tunalia?

Mtaa wetu uko Mombasa, upande wa Likoni, si mbali na Mtongwe. Miaka kadhaa iliyopita jirani yetu alifiwa na mtoto wa miaka miwili. Kuhara na kutapika kulianza usiku. Alfajiri mtoto hakuwa tena na machozi ya kulilia, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairejei upesi. Saa nne asubuhi alikuwa amekufa. Kipindupindu. Nilikuwa nimeketi pembeni mwa mkeka pale mama mmoja, mtu mwenye moyo mzuri kabisa, alipomshika mfiwa mkono akamwambia, "Vumilia mwanangu, Mungu alimpenda zaidi." Mfiwa akainua uso. "Basi angempenda kidogo," akasema, "aniachie."

Nyumba ikanyamaza. Hakuna aliyemkemea na hakuna aliyemjibu. Maneno yale yamebeba swali ambalo wanafalsafa na wanadini wamelipigania kwa zaidi ya miaka 2,000, na majibu yake yana jina: teodisia.

Neno hili lilitungwa na Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliyelifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1710. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, la Mungu na la haki, akayaunga. Kwa hiyo teodisia si mateso yenyewe, wala si imani. Ni utetezi, kama ule wa wakili mahakamani, ila anayetetewa ni Mungu: kwamba Yeye ni wa haki na mwenye upendo ijapokuwa dunia aliyoiumba imejaa vilio.

Kinacholeta kesi ni mambo matatu ambayo muumini anayashika kwa pamoja. Mungu anaweza kila kitu. Mungu ni mwema kabisa. Na uovu upo, tunauona. Ukishika mawili, la tatu linakuponyoka. Kama anaweza kuuondoa uovu na hataki, wema wake uko wapi? Kama anataka na hawezi, uweza wake uko wapi? Hoja hii kwa kawaida hunasibishwa na Epikuro, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 250 kabla ya Kristo. Mimi naona jambo moja ndani yake ambalo mara nyingi hupitwa. Anayesadiki kwamba kuna miungu wawili wanaopigana, mmoja mwema na mmoja mbaya, hana swali hili. Asiyeamini Mungu naye hana wa kumuuliza. Swali ni la mtu anayeamini na anayetarajia mema kutoka kwa Mola wake. Yule mama mfiwa hakukufuru. Angekuwa hamtarajii Mungu, asingemlalamikia.

Wanaolichambua swali hili huanza kwa kuugawa uovu mara mbili. Kuna maovu yanayotoka mikononi mwa watu: wizi, vita, dhuluma, uzembe. Kuna na maovu ya maumbile: tetemeko, ukame, ugonjwa. Mgawanyo huu unaonekana rahisi, lakini ndipo penye kazi kubwa kuliko pote, maana sisi tuna mazoea ya kuyatia yote katika kapu moja.

Ijumaa asubuhi, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka gatini, ufuo ukiwa bado unaonekana, watu wakiwa njiani kwenda kazini kisiwani. Waliokufa ni 272. Feri ilikuwa imejazwa kupita kiasi chake. Sasa, kwenye msiba wa aina hii utasikia, na hata mimi nimewahi kusema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni maneno ya imani na yana mahali pake. Lakini yakitamkwa juu ya feri iliyojaa kupita kiasi, yanafanya jambo baya bila ya msemaji kukusudia: yanamtwisha Mungu mzigo wa mwanadamu. Mungu hakuwa karani wa lango. Kulikuwa na hesabu ya abiria ya kufanywa, na wa kuifanya walikuwa watu.

Kipindupindu je? Hapo mpaka unakuwa mgumu zaidi kuuona. Kinacholeta ugonjwa ni bakteria, na bakteria hatukumtengeneza sisi. Hukaa majini, na humwingia mtu kwa maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi. Lakini yale maji aliyokunywa mtoto yalitoka wapi? Mtaani kwetu mfereji unaweza kukauka wiki nzima, na sisi hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, na baadhi ya mitungi ile hujazwa katika visima vilivyochimbwa hatua chache tu kutoka vyoo vya shimo. Ugonjwa wenyewe huua kwa kumkausha mtu maji mwilini, na huweza kuua kwa saa chache. Lakini mgonjwa akiwahi kurudishiwa maji, kufa ni nadra, chini ya mmoja kwa kila 100. Mwanzo wa tiba unapatikana jikoni: vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, lita moja ya maji safi, anyweshwe kidogo kidogo njiani akipelekwa hospitali. Ndani ya mtungi mmoja, basi, kulikuwa na bakteria wa maumbile na uzembe wa miaka mingi wa binadamu, na huwezi kuvitenganisha kwa macho.

Hata hivyo, ukishatoa fungu la binadamu lote, bakteria anabaki. Asiyekubali hilo hajalijibu swali.

Majibu yaliyotolewa ni mengi, na kila moja lina nguvu mahali fulani na upungufu mahali pengine. La hiari ndilo maarufu zaidi: Mungu alitaka viumbe wanaoweza kupenda, na kupenda kwa kulazimishwa si kupenda, basi alipotoa hiari ikaja na uwezekano wa kuitumia vibaya. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie aliandika kwamba yale mambo matatu yanapingana na hayawezi kukaa pamoja. Alvin Plantinga wa Marekani alimjibu, kwa ukamilifu mwaka 1974, kwa hoja hii ya hiari, na wengi hata katika wasioamini wakakubali kwamba kimantiki yanaweza kukaa. William Rowe, asiyeamini Mungu, alipolifufua swali mwaka 1979 alibadilisha njia. Alitaja mtoto wa paa anayeungua katika moto wa msituni akateseka siku kadhaa kabla ya kufa, asionwe na mtu, asimfundishe yeyote chochote. Hiari ya nani ilihusika pale? Nami naongeza la hapa kwetu: waliokuwa na hiari ya kuijaza feri ni wengine, na waliozama ni wengine.

Kisha kuna jibu ambalo tumelifupisha kwa neno moja, mtihani. Pwani mtu akifiwa, akiibiwa, akiunguliwa na nyumba, "ni mtihani tu." Maana yake ni kwamba shida humpima mtu na kumkomaza, kama dhahabu motoni. Nimeona watu waliokomazwa kweli, siwezi kulikana hilo. Lakini mtoto wa miaka miwili alikuwa akifanya mtihani gani? Na kama mtihani ulikuwa wa mama yake, je, mtoto alikuwa karatasi tu ya kuandikia majibu? Hapa jibu hili linanishinda kulitetea.

Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini aliyekufa mwaka 430, alishika njia nyingine. Alisema uovu si kitu kilichoumbwa, ni pengo pale wema ulipopaswa kuwapo. Chukua tundu katika dau. Tundu si ubao wala si msumari. Huwezi kulibandua ukaliweka mkononi. Ni mahali ambapo ubao haupo. Hivyo hatuwezi kusema Mungu aliumba uovu. Ni fikra ya kina, nami naipenda, ila dau huzama kwa tundu vilevile.

Tundu la chombo limo pia katika Sura ya Al-Kahf, ambayo majirani zangu Waislamu huisoma kila Ijumaa. Nabii Musa anasafiri na mja wa Mungu mwenye elimu ya siri, wanayemwita Khidhri, na huyu anaitoboa jahazi ya maskini waliowapakia. Musa anashangaa na kumlaumu. Baadaye anaambiwa kwamba mbele kulikuwa na mfalme anayeteka kila jahazi nzima. Ile yenye tundu ingewabakia wenyewe. Fundisho ni kwamba iko hekima tusiyoifikia. Lakini angalia: hata Musa hakuweza kunyamaza alipoona lisilo haki machoni pake, na aliyeeleza sababu ni yule aliyepewa elimu hiyo na Mungu mwenyewe. Hakuna mgeni yeyote kwenye matanga aliyepewa elimu hiyo.

Wanazuoni wa Kiislamu waliubishania vikali mpaka huu wa akili yetu. Muutazila, kundi moja la wanazuoni hao, walishikilia kwamba Mungu hufanya lililo la haki na la manufaa, nasi tunaweza kulitambua kwa akili. Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyezaliwa Basra katika karne ya 9, alimuuliza mwalimu wake, aliyekuwa wa kundi hilo, kuhusu ndugu watatu: mmoja alikufa mwema, mmoja mwovu, mmoja mtoto mdogo. Mtoto akimuuliza Mungu mbona hakumwacha akue akatenda mema, apate daraja ya kaka yake? Mwalimu akasema ataambiwa: nilijua ungekua ungeasi. Basi yule mwovu, akauliza al-Ash'ari, akipiga kelele toka motoni kwamba mbona yeye hakufishwa akiwa mdogo? Mwalimu akakosa la kusema. Kwa al-Ash'ari na wafuasi wake Mungu hapimwi kwa mizani yetu.

Leibniz naye alikuwa amesema kwamba katika dunia zote ambazo zingewezekana, Mungu alichagua iliyo bora. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, tetemeko likaipiga Lisbon, kisha bahari ikafurika, kisha moto. Ni Lisbon ya Wareno walewale walioanza kujenga Fort Jesus hapa kwetu mwaka 1593. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao wakiwa katika sala. Baada ya hapo ilikuwa vigumu Ulaya kusema "dunia iliyo bora" bila kutazamwa vibaya.

Naamini kosa halikuwa kufikiri. Kosa ni kudhani kwamba aulizaye swali hili siku zote ni mtu mmoja. Wako wawili. Yuko anayeuliza akiwa ameshiba, amekaa darasani au barazani, anataka kujua kama imani yake ina mantiki. Huyo apewe hoja zote hizi, azipekue. Na yuko anayeuliza akiwa mkekani. Swali lake lina maneno yaleyale, lakini haombi hoja. Teodisia ilitungwa kwa ajili ya wa kwanza. Ukimpelekea wa pili inageuka kuwa jiwe.

Kitabu cha Ayubu kinaonyesha hili waziwazi. Rafiki zake watatu walipomjia waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hapo walikuwa rafiki wa kweli. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, kwa maana walianza kumtetea Mungu: hakika umekosa mahali, Mungu haonei mtu. Mwisho wa kitabu Mungu anawaghadhibikia wao watatu, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura! Na Yesu alipotajiwa mnara wa Siloamu, ulioangukia watu 18 ukawaua, alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hakusema kwa nini uliwaangukia. Katika Kurani Yakubu anataja subira njema, na ndiye huyohuyo aliyemlilia Yusufu mpaka macho yakaingia weupe.

Ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, kuna kaburi la Rosina Krapf. Mume wake, mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliingia Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka uleule Rosina alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Mwaka huohuo ndio alioanza kukitafsiri kwa Kiswahili kitabu cha Mwanzo, ambacho sura yake ya kwanza inarudia tena na tena kwamba Mungu aliona kazi yake kuwa ni njema. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi ya bara hili imeanza. Maneno hayo yalikuwa haki yake kuyasema, kwa sababu mke alikuwa wake na mtoto alikuwa wake. Fikiria sasa mtu mwingine amemwambia Krapf hayohayo, siku ileile, udongo ukiwa bado mbichi.

Jirani yangu alikuwa na mwenzake mmoja, mama Mdigo wa nyumba ya tatu, aliyekuja kila jioni baada ya alasiri. Hakuleta nasaha. Alileta ungo wa mchele, wakakaa uani wakichagua mawe pamoja, giza likiingia anaondoka. Wiki ya tatu nilipopita kuwajulia hali, mfiwa aliniita. "Wewe uliyesoma," akasema, "sasa nambie. Kwa nini?" Nilimwambia sijui. Akaniuliza kama kwenye Biblia kuna mtu aliyewahi kumuuliza Mungu hivyo na asipigwe radi. Nikaifuata Biblia nyumbani, nikamsomea Ayubu kuanzia sura ya tatu, pale anapoilaani siku aliyozaliwa. Yule mama Mdigo aliweka ungo chini naye akasikiliza. Mara mbili mfiwa alinisimamisha akataka nirudie.